Kaktusi ndogo za maua: wapenzi wake wanazilinda, wapenzi wake wanazimaliza

Mwezi wa pili mwaka 2020, polisi wa Italia walipekua makazi ya mkusanyaji mmoja wa mimea katika mji wa Senigallia, kando ya bahari ya Adriatiki. Humo walikuta kaktusi zaidi ya 1,000 zilizong'olewa katika jangwa la Atacama nchini Chile na kuvushwa bahari kinyume cha sheria. Baadhi zilikuwa na umri unaopita miaka 100. Thamani yake kwenye soko la magendo ilikadiriwa kuzidi dola milioni 1 za Marekani. Mwaka uliofuata, kaktusi 844 kati ya hizo zilirudishwa Chile.

Mtu anayesoma habari hii akiwa Lubumbashi, Bukavu au Kalemie ana haki ya kuuliza: mmea wa miiba, usiokuwa na hata jani la kumpa mbuzi, una kazi gani hata watu wauibe kwa maelfu na kuuficha kama dhahabu?

Jibu linaanzia kwenye madirisha. Ujerumani, Uingereza, Jamhuri ya Czech, Japani na Marekani wako watu wengi ambao kazi yao ya Jumamosi ni kukaa mbele ya vyungu vidogo, kila kimoja kikubwa kama kikombe cha chai, wakingoja ua. Wengine wanavyo kumi, wengine elfu. Wana vyama vyao: kile cha Wajerumani kilianzishwa mwaka 1892, kile cha Wamarekani mwaka 1929. Wana majarida, maonyesho na mashindano. Wengi wao si wezi, ni watu wapole wanaojua jina la kila mmea walio nao. Lakini ni mapenzi yao haya ndiyo yaliyozaa lile soko ambalo polisi wa Italia walilifuata hadi Senigallia.

Si kila chenye miiba ni kaktusi

Kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo wengi kwetu wanavichanganya. Ile miti yenye mikono mingi kama kinara cha mishumaa, ambayo unaiona kwenye mabonde makavu ya Afrika ya Mashariki na ya Kati, si kaktusi. Ule mnyaa wa kuzungushia ua, ambao Wanyarwanda wanauita umuyenzi, nao si kaktusi. Hizo ni jamii ya Euphorbia. Ukizikata zinatoa maziwa meupe yanayochoma, na yakiingia jichoni ni hatari. Kaktusi ukiikata inatoa maji tu kwa kawaida. Tena kaktusi ina alama moja isiyodanganya: miiba yake inatoka kwenye vidoa vidogo vyenye manyoya kama pamba, na maua pia hutokea kwenye vidoa hivyo au karibu navyo. Mmea usio na vidoa hivyo, hata ukiwa na miiba kama nungunungu, uache uende na jina lake.

Kaktusi zote, karibu aina 1,500, asili yake ni bara la Amerika, toka Kanada hadi kusini ya Argentina. Isipokuwa moja. Na hiyo moja, msomaji, iko kwetu. Inaitwa Rhipsalis baccifera, na inaota juu ya matawi ya miti katika misitu ya Afrika ya tropiki, Kongo ikiwemo, na vilevile Madagaska na Sri Lanka. Haifanani kabisa na picha ya kaktusi iliyo kichwani mwa watu. Inaning'inia kama kamba nyembamba za kijani, ikikomaa mara nyingi haina miiba, ina maua madogo meupe na matunda meupe yanayonata. Wataalamu wengi wanaamini ndege ndio walioivusha Atlantiki kwa mbegu zile zinazonata, wengine wanawataja mabaharia. Kwa vyovyote vile, Mkongomani anayetembea msituni anaweza kupita chini ya kaktusi ya kweli bila kuinua macho.

Ua kubwa kuliko mwili

Wapenzi wa kaktusi ndogo hawazipendi kwa sababu ya miiba. Wanazipenda kwa sababu ya ua. Ichukue Rebutia. Ni mmea wa milima ya Bolivia na kaskazini mwa Argentina, mviringo, mdogo kama ndimu, unaoota katikati ya mawe na majani makavu. Jina lake lilitolewa mwaka 1895 na Mjerumani Karl Schumann kwa heshima ya Pierre Rebut, mfanyabiashara wa kaktusi wa Ufaransa. Miezi mingi ya mwaka haina la kuonyesha. Kisha, wiki chache baada ya baridi kwisha, vitumba vyekundu vinatokea chini kabisa, karibu na udongo, kama vile mmea unaogopa kuvionyesha. Asubuhi moja vinafunguka vyote pamoja: vyekundu, vya machungwa, vya njano, vya waridi. Mwili hauonekani tena. Jioni vinajifunga, kesho yake vinafunguka, na baada ya siku chache kila kitu kimekwisha.

Mammillaria, ambazo nyingi ni za Mexico, zina tabia nyingine. Maua yake ni madogo na yanajipanga kwa duara kuzunguka kichwa, kama taji. Baada ya miezi kadhaa yanafuata matunda mekundu marefu yanayofanana na pilipili. Gymnocalycium za Argentina, Paraguay na Uruguay zina vitumba laini visivyo na miiba wala manyoya, na zinavumilia kivuli kidogo kuliko wenzake. Lobivia jina lake ni Bolivia iliyogeuzwa herufi, mchezo wa wataalamu wawili wa Marekani, Britton na Rose. Ziko pia zile kaktusi za misitu ya Brazili zinazoitwa kaktusi za Noeli. Hizo hazina uhusiano na jangwa, zinaota juu ya miti kama ndugu yake wa Kongo.

Hapa inafaa kumwonya mnunuzi. Kaktusi yenye kichwa chekundu au cha njano inayokaa juu ya kijiti cha kijani, ambayo inauzwa dunia nzima, haijachanua. Kile kichwa ni Gymnocalycium iliyozaliwa bila rangi ya kijani. Ilianzia Japani mwaka 1941, na leo Korea Kusini ndiyo inayoizalisha kwa wingi. Bila rangi ya kijani haiwezi kujitengenezea chakula, kwa hiyo inabandikwa juu ya kaktusi nyingine inayoilisha. Baada ya miaka michache mara nyingi wote wawili wanachoka. Mbaya zaidi ni zile zenye ua kavu lililogandishwa kwa gundi. Ukiliona ua la kaktusi ambalo halijifungi usiku na halinyauki kwa mwezi mzima, liguse. Likiwa kavu kama karatasi, umeuziwa gundi.

Kinachouzwa ni umri

Turudi Senigallia. Kaktusi zilizokamatwa pale nyingi zilikuwa Copiapoa. Hizo zinaishi kwenye pwani ya Atacama, mahali ambapo mvua inaweza kukosa miaka na miaka, na mimea inategemea ukungu unaotoka baharini. Zinakua polepole mno. Kufikia ukubwa wa mpira wa miguu zinaweza kuhitaji makumi ya miaka, na nyingine zinaishi karne. Jua na upepo wa chumvi vinazipa ngozi ya kijivu au nyeupe kama iliyopakwa chokaa, na miiba inakuwa meusi na kuchakaa.

Copiapoa inaweza kuoteshwa kwa mbegu. Lakini ile iliyolelewa chini ya kioo huko Ulaya inakuwa ya kijani, safi, bila kovu. Mkusanyaji tajiri hataki hiyo. Anataka makovu. Anataka kitu ambacho fedha haiwezi kukitengeneza kwa haraka, yaani miaka 80 ya jangwa, na anaitaka leo juu ya meza yake. Ndiyo maana mwizi anaifuata Chile na jembe. Kwa maoni yetu hapa ndipo penye kiini cha jambo lote: anayeuza kaktusi iliyoibwa anauza umri, na umri hauoteshwi kitaluni.

Tabia hii si mpya. Karibu mwaka 1840, mmea mdogo wa Mexico ambao leo unaitwa Ariocarpus kotschoubeyanus uliuzwa Ulaya kwa faranga 1,000 za Ufaransa. Mmea wenyewe ulikuwa mdogo kiasi kwamba dhahabu ya uzito ule ingekuwa rahisi zaidi. Tofauti ya leo ni mwendo. Zamani kaktusi ilisafiri miezi kwa meli na nyingi zilioza njiani. Sasa picha inawekwa kwenye mitandao asubuhi, jioni imepata mnunuzi, na mmea unafuata kwa posta ukiwa umefungwa kwenye soksi au karatasi na kuandikwa kwamba ni kitu kingine.

Takwimu zinaonyesha matokeo. Mwaka 2015, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, UICN, lilitangaza kwamba asilimia 31 ya aina za kaktusi ziko hatarini kutoweka. Kilimo na ufugaji vina sehemu kubwa, lakini katika zile zilizo hatarini, asilimia 47 zinaguswa na uchumaji wa mimea hai na mbegu kwa ajili ya biashara ya mapambo na wakusanyaji binafsi. Kwa Copiapoa peke yake hali imeharibika zaidi: mwaka 2013 asilimia 55 ya aina zake zilikuwa hatarini, mwaka 2024 zimefika asilimia 82. Ni miaka 11 tu, muda ambao Copiapoa moja haimalizi hata kuwa kubwa kama ngumi.

Hata zile ndogo za maua hazikupona. Katika jimbo la Querétaro, Mexico, kuna Mammillaria herrerae. Ni mpira mweupe mdogo, miiba yake imeufunika kama uzi, na ua lake la waridi ni kubwa kama mmea wenyewe. Imechumwa mpaka imewekwa katika daraja la mwisho la hatari kabla ya kutoweka porini. Cha kusikitisha ni kwamba inaota kwa mbegu, na vitalu vya Ulaya vinaiuza kihalali. Hakuna aliyelazimika kwenda Querétaro.

Kopo la kahawa la mwaka 1952

Iko habari moja ambayo wapenzi wa kaktusi wanaisimulia mara nyingi, na inafaa kuisimulia hapa kwa sababu inaenda kinyume na hizo za huzuni. Mwaka 1952 mtaalamu wa mimea wa Marekani, Norman Boke, aliona kaktusi ndogo ndani ya kopo la kahawa. Hakuwa ameiona popote. Aliipiga picha. Mmea ulikufa, picha ikabaki, na kwa zaidi ya miaka 40 watu waliitafuta milimani kaskazini mwa Mexico bila kuiona. Mwaka 1996, Mswisi Jonas Lüthy aliipata katika jimbo la Coahuila. Ikaitwa Mammillaria luethyi.

Ni ndogo kama kidole gumba, ua lake ni la zambarau kali, na umbo lake halifanani na Mammillaria nyingine. Kila mkusanyaji aliitaka. Mahali inapoota hapakutangazwa. Na kwa kuwa inakubali kubandikwa juu ya kaktusi nyingine na inatoa vichipukizi kwa wingi, wakulima waliizidisha haraka. Leo anayeitaka anaipata kwa mkulima, kwa bei ya kawaida. Mwizi angepanda mlima ule kwa faida gani?

Namba kwenye kibao

Ukiingia katika kitalu cha mkusanyaji wa kweli, kitu cha kwanza utakachokiona kabla ya maua ni vibao. Kila chungu kina kibao kidogo cha plastiki, kimeandikwa jina na namba. FR ni Friedrich Ritter, Mjerumani aliyezunguka Chile, Peru na Bolivia. WR ni Walter Rausch wa Austria, aliyepanda milima ya Argentina na Bolivia akitafuta Rebutia na Lobivia. Kila walipokuta mmea waliupa namba, na katika daftari waliandika mahali, mlima, na kimo juu ya usawa wa bahari.

Mbegu za mmea ule zinarithi namba. Mjukuu wake akioteshwa leo Praha au Manchester, bado kibao kinasema babu yake alitoka mlima gani. Mkusanyaji akipoteza kibao anahuzunika kuliko akipoteza mmea, maana mmea bila kibao hauna tena ukoo, umebaki pambo. Kwetu, ambapo mtu bado anaulizwa yeye ni wa kijiji gani kabla ya kuulizwa jina, jambo hili halihitaji maelezo marefu.

Mahali pengine palipoandikwa katika madaftari yale pamegeuka shamba, barabara au mgodi. Hapo vyungu vya madirishani vinakuwa ukoo uliobaki. Hiyo ndiyo sehemu ya sifa ambayo wakusanyaji wanastahili, na si ndogo.

Sheria, na sisi tumo

Mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ulitiwa saini Washington mwaka 1973 na kuanza kazi mwaka 1975. Nchi yetu, wakati ule ikiitwa Zaire, ilijiunga mwaka 1976. Wakongomani wanaujua mkataba huu kwa habari ya pembe za tembo, mbao za afrormosia, na kasuku wa kijivu ambaye biashara yake ya kimataifa ya ndege wa porini ilifungwa kuanzia mwaka 2017. Wachache wanajua kwamba karibu jamii nzima ya kaktusi imo ndani yake pia. Nyingi ziko kwenye orodha ya pili: zinaweza kuvuka mpaka, lakini kwa kibali. Chache, kama Ariocarpus zote, Discocactus zote na Astrophytum asterias, ziko kwenye orodha ya kwanza pamoja na sokwe na kasuku wetu.

Kwa mbegu sheria ni nyepesi. Mbegu za kaktusi zilizo kwenye orodha ya pili hazidaiwi kibali cha CITES, isipokuwa zile zinazosafirishwa kutoka Mexico. Hata hivyo kila nchi ina kanuni zake za afya ya mimea, na huku kwetu mipakani yupo SQAV, idara ya karantini ya wanyama na mimea. Anayeagiza mbegu aulize kwanza huko. Na anayepewa na rafiki mmea mzee wenye makovu, mizizi imekatwa, hauna kibao wala karatasi, ajue ameshika nini mkononi.

Anayejua namna kasuku wa Maniema na Tshopo walivyojazwa kwenye vizimba na kupelekwa kufa viwanja vya ndege hahitaji kuhubiriwa kuhusu Atacama. Ni njia ileile: maskini anachuma kwa bei ndogo, dalali anavusha, na mwenye fedha mbali kabisa anasema anapenda viumbe. Afrika Kusini nayo inaonja: mimea midogo ya Karoo inayofanana na kokoto, ambayo si kaktusi lakini inapendwa na watu walewale, inaibwa kwa magunia.

Lubumbashi ina bahati

Sasa tuseme mtu amevutiwa na anataka kujaribu, kihalali. Je, hali ya hewa yetu inafaa? Kwa Rebutia, Lubumbashi inafaa kuliko miji mingi ya Ulaya. Kaktusi za milimani zinahitaji kitu ambacho watu wengi wanazinyima kwa huruma: kiu na baridi. Zikipata miezi miwili au mitatu ya ukame na usiku wa baridi, zinatengeneza vitumba. Zikimwagiliwa mwaka mzima katika joto, zinanenepa, zinarefuka kama tango, na hazitoi ua hata moja. Ulaya wanalazimika kuziweka kwenye vibanda vya kioo ili zisigande. Katanga ya juu, kati ya mwezi wa tano na wa tisa, hakuna mvua, na usiku wa mwezi wa sita na wa saba watu wanatafuta makoti. Kaktusi ya Bolivia itajiona iko kwao. Kazi ya mwenyewe ni kuacha kumwagilia, na hiyo ndiyo kazi ngumu.

Tatizo la Lubumbashi ni mvua za mwezi wa kumi na moja hadi wa tatu. Mvua ya Katanga ikipiga juu ya chungu kwa wiki nzima, mizizi inaoza. Bati la plastiki linalopitisha mwanga, na upepo kupita pande zote, vinatosha.

Goma na Bukavu ni habari nyingine. Kimo kinasaidia, jua linachoma bila joto kuzidi, lakini mvua inanyesha karibu mwaka mzima na kiangazi ni kifupi. Huko heri kuanza na Mammillaria na Gymnocalycium, ambazo hazidai baridi kali, na kuzinyima maji kati ya mwezi wa sita na wa nane. Goma kwa upande wake ina utajiri ambao wakulima wa Ulaya wanaununua kwa kilo: changarawe ya volkano, nyepesi, yenye matundu, inayopitisha maji na kuacha hewa. Ukichanganya sehemu mbili za changarawe hiyo iliyochekechwa na sehemu moja ya udongo mzuri, una mchanganyiko unaofaa. Pasipo na volkano, mchanga mkubwa wa mtoni uliooshwa unasaidia. Chungu kiwe na tundu chini. Chungu kisicho na tundu ni jeneza.

Kumwagilia ni hivi: lowesha mpaka maji yatoke chini, kisha usirudi mpaka udongo ukauke kabisa. Kaktusi inafungua vitundu vyake vya kupumulia usiku ili isipoteze maji mchana, kwa hiyo inajua kungoja kuliko wewe. Jua la asubuhi ni zuri. Jua la saa saba mchana kwa mmea uliotoka ndani ya nyumba linaunguza, na alama ile haitoki. Uzoeshe kidogo kidogo.

Adui mkubwa ni mdudu mdogo mweupe kama pamba, anayejificha kati ya miiba au kwenye mizizi. Ni jamaa ya yule aliyeharibu mihogo, aliyegunduliwa Afrika kwa mara ya kwanza hapahapa Zaire mwaka 1973. Kwa walio wachache, kijiti chenye pamba iliyochovywa kwenye spiriti ya dawa kinatosha. Wakiwa kwenye mizizi, toa mmea, osha mizizi yote, tupa udongo, uache ukauke siku kadhaa, panda upya.

Mbegu za kaktusi ni ndogo, nyingine kama vumbi. Zinatawanywa juu ya mchanganyiko uliolowa, uliochomwa moto kwanza ili kuua ukungu, bila kufunikwa na udongo, maana zinataka mwanga. Chungu kizima kinafungiwa ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha, kikae mahali penye mwanga lakini pasipo na jua kali. Katika joto la nyuzi 20 hadi 30, baada ya wiki moja au mbili vitatokea vidonge vya kijani, vidogo kuliko kichwa cha kiberiti. Usifungue mfuko haraka, vinaweza kukaa humo miezi mingi. Baada ya mwaka kila kimoja kimekuwa kama punje ya choroko au njegere.

Aliyepanda Rebutia Lubumbashi mwezi wa tisa, akazitoa kwenye mfuko kabla ya kiangazi cha kwanza na kuzipa maji kidogo wakati huo kwa sababu bado ni changa, kisha akaziacha na kiu katika kiangazi cha pili, anaweza kuona ua la kwanza mvua za mwaka huo zikikaribia. Nyingine zitangoja mwaka mmoja zaidi. Rebutia minuscula haihitaji hata mwenzake ili kuzaa, inajichavusha yenyewe, na tunda lake likipasuka makumi ya mbegu yanaanguka kuzunguka mama yao. Zikusanye kwa brashi, zitie kwenye bahasha ya karatasi, na juu yake uandike namba ileile iliyo kwenye kibao.